Bukta ya Kijani

Mtaani kwetu Malindi, mwanzoni mwa miaka ya themanini, hapakuwa na mtu aliyewahi kupigana ngumi kwa kanuni. Waliopigana walipigania kuku au mpaka wa kiwanja, na hakuna aliyewagongea kengele. Lakini ungefika kwenye baraza ya fundi cherehani baada ya sala ya alasiri, ungedhani umeingia mkutano wa makocha. Mtu asiyeweza kuua mbu aliyetua mkononi mwake alikuwa akieleza namna ngumi ya kushoto inavyotakiwa kutangulia, na wenzake wakimkosoa. Mimi nilikuwa miongoni mwao, tena mbaya kuliko wote, kwa kuwa ndimi niliyejua Kiingereza.

Nilikuwa karani kwenye ghala la korosho. Kiingereza changu kilikuwa cha magunia: idadi, uzito, tarehe, na sentensi mbili za kuomba radhi kwa kuchelewa. Pale barazani nilihesabiwa mtaalamu. Watu waliniletea barua, vijikaratasi vya dawa, hata maandishi ya kwenye kopo la rangi, nami sikumrudisha mtu. Neno nisilolijua nililijaza kwa akili yangu, na hakuna aliyelalamika isipokuwa bwana mmoja aliyepaka mlango wake rangi ya meli.

Fundi mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Ujana wake aliumalizia melini, akishona na kupiga pasi nguo za mabaharia. Habari za huko hakuwa akizieleza, wala sisi hatukumuuliza, maana tulikuwa na mengi ya kusema wenyewe. Alikaa nyuma ya cherehani yake, pini mdomoni, mguu ukienda, na juu ya kabati palikuwa na redio kubwa ya mawimbi mafupi. Nyuma ya kabati kulikuwa na pazia, na nyuma ya pazia alikaa binti yake akitia vifungo. Nilimpenda. Mengine yote ninayoyasimulia hapa yalitokana na hilo, ingawa mtaa ulidhani yametokana na ndondi.

Bondia wetu alikuwa Mmarekani wa uzito wa juu. Alikuwa wetu kwa sababu ya picha moja ya gazeti, nalo gazeti lilikuwa limefungia samaki. Katika picha ile alionekana ameinua kidole kimoja. Mwuza samaki, aliyekuwa na sauti kubwa kuliko sote, akasema kile ni kidole cha shahada, na kuanzia hapo jambo likawa limekwisha. Huenda alikuwa akiita teksi. Uso wake hatukuujua, maana mafuta ya nguru yalikuwa yameufuta.

Pambano lake la kwanza na mpinzani wake tulilisikiliza redioni, baada ya sala ya alfajiri, kwa kuwa kwao Amerika ilikuwa bado ni usiku. Baraza ilijaa mpaka barabarani. Nikakaa kando ya redio, nikasafisha koo, na mtangazaji akaanza kusema kwa kasi ambayo sijapata kuisikia ghalani. Raundi mbili za mwanzo nilijitahidi. Raundi ya tatu redio ikaanza kuchemka, sauti ikawa yaja na kwenda, na katika machache niliyoyapata yote yalikuwa mabaya: bondia wetu alikuwa akipigwa. Nikainua macho, nikaziona nyuso zile zote zikinitazama mdomo. Nyuma ya pazia nikasikia mtu ameacha kutia vifungo.

"Wambaje?" mwuza samaki akaniuliza. "Mbona umenyamaa?"

"Ampiga," nikasema.

"Nani ampiga nani?"

"Wetu ampiga yule."

Uwongo wa kwanza ulikuwa mzito kuutoa. Wa pili ulitoka wenyewe. Kufika raundi ya sita nilikuwa nimesimama, nikirusha mikono, nikieleza damu, jasho, na mpinzani alivyokuwa akizitafuta kamba kwa mikono. Mtu akauliza wetu amevaa nguo gani. Sikuwa nimesikia habari ya nguo. "Bukta ya kijani," nikasema, na watu wakapumua kwa furaha, kana kwamba walikuwa wakilijua hilo toka mwanzo. Mpinzani nikamvika nyeupe. Nyuma ya pazia mtu akacheka kicheko kidogo, nami nikaongeza raundi mbili za kishindo kwa ajili ya kicheko kile.

Tatizo likaja mwisho. Baada ya raundi ya kumi na tano redio ikatulia kwa ghafla, na mtangazaji akalitaja jina la mpinzani, mara tatu, waziwazi, kwamba ndiye mshindi. Hilo hata asiyejua Kiingereza alilisikia. Ningeweza kusema kweli wakati ule, na ingenigharimu aibu ya siku moja tu.

"Wamemwibia," nikasema.

Yakhe! Sijui kama kuna neno lililowahi kupendwa Malindi kuliko hilo. Kushinda kungetufurahisha siku mbili, lakini kuibiwa kulitupa shughuli ya mwaka mzima. Watu waliokuwa hawazungumzi kwa ajili ya mirathi wakakaa pamoja kuwalaani waamuzi watatu wasiowajua. Kila mgeni aliyepita alisimuliwa dhuluma ile, na kila ilipokaribia kupoa niliitwa niisimulie tena. Nilinunuliwa kahawa mpaka nikakosa usingizi. Mara ya kumi nilianza kuiamini mwenyewe.

Ilipotangazwa kwamba kutakuwa na marudiano, mtaa ukapoteza fahamu. Fundi aliletewa vitambaa vya kijani mpaka akakosa pa kuviweka. Kanzu zikatiwa uzi wa kijani shingoni. Mwuza samaki akaupaka mkokoteni wake rangi ya kijani, na kwa haraka yake hakungoja ukauke, basi siku mbili tulikula samaki wa changu wenye mistari ya kijani. Pakasomwa dua, pakapikwa biriani, kwa niaba ya mtu aliye ng'ambo ya bahari mbili asiyejua hata kama sisi tupo. Wafanyakazi wa chumvi wa Gongoni walituma salamu kwamba siku ya siku watakuja kwa lori, tuwawekee nafasi karibu na redio.

Mtu mmoja tu alituharibia raha. Alikuwa Mgiriama wa Jilore, mkulima, aliyekuja mjini kwa baiskeli mara mbili kwa juma kuuza magunia ya pojo, akapumzika barazani kabla ya kurudi. Hakuwa mbishi. Aliuliza tu, kwa adabu, na maswali yake yalikuwa yakiniwasha.

"Mino n'nauliza, karani," alisema siku moja. "Nimesikia watu wakisema gazeti limeandika kwamba huyu wenu alivimba jicho. Kama yeye ndiye aliyepiga, mbona yeye ndiye aliyevimba?"

"Alivimba kwa hasira," nikamjibu. "Ungeibiwa wewe usingevimba?"

Baraza nzima ikacheka, mkulima naye akacheka. Fundi hakucheka. Nilidhani ni kwa sababu ya pini mdomoni.

Kwa kuwa nilikuwa mtu mashuhuri, nikaona wakati umefika. Nikamtuma ami yangu apeleke posa kwa fundi. Kwetu, baba wa binti halijibu jambo hilo papo hapo. Huwaambia wajumbe kwamba atawauliza jamaa zake, kisha hungoja mpaka roho ya kijana ikaribie kutoka. Ami alirudi amekaza uso.

"Amesema nini?" nikamuuliza.

"Amesema jibu atalitoa baada ya marudiano."

Ami hakuona ajabu. Mwaka ule kila kitu kilikuwa baada ya marudiano: paa la kuezeka, jino la kung'oa, safari ya Takaungu kumtazama nyanya mgonjwa. Mimi nilifurahi kupita kiasi. Nilidhani mzee anataka kuunganisha sherehe mbili.

Zikiwa zimebaki wiki tatu, mtoto wa mwenye duka la vitambaa akarudi kutoka Arabuni na televisheni ya rangi, mashine ya video, na kanda moja. Kanda ilikuwa ya lile pambano la kwanza. Habari hiyo niliipata nikiwa ghalani, na nikaandika magunia mia mbili badala ya ishirini.

Ijumaa alasiri tukajazana uani kwa mwenye duka. Nilikuwa nimeamua kuugua, lakini walikuja kunichukua nyumbani, wawili wakinishika mikono kwa heshima, kwa kuwa kanda ilikuwa imenakiliwa mara nyingi na sauti yake ilikuwa imekufa. Kilichosikika ni kama mtu anayekaanga. Wakanikalisha mbele nieleze. Picha nayo ilikuwa imejaa chengachenga, maandishi hayasomeki, nyuso hazijulikani. Kitu kimoja tu kilionekana vizuri, nacho ni rangi. Kulikuwa na bondia aliyevaa bukta nyeupe, na bondia aliyevaa bukta ya kijani.

"Yule pale!" mwuza samaki akapiga kelele. "Kijani, wallahi! Karani, hukukosea!"

Nikaangalia. Wa kijani alikuwa mrefu na mkono wake ulikuwa kama mchi. Alimpiga wa bukta nyeupe tangu raundi ya kwanza. Alimpiga kwenye kamba na katikati, na jicho la mwenzake likafumba. Nikaelewa. Nilikuwa nimezigeuza rangi. Wetu alikuwa yule wa bukta nyeupe. Mtaa wangu mzima ulikuwa umesimama ukimshangilia mpinzani kwa raundi kumi na tano, wakikumbatiana kila bondia wao wenyewe alipopigwa.

Mwisho refa akauinua mkono wa kijani. Shangwe ikakatika. Watu wakatazamana, kisha wakanitazama mimi.

"Kumbe alipewa ushindi?" mkulima wa Jilore akauliza polepole, akisimama kule nyuma na baiskeli yake. "Sasa aliibiwa wapi?"

"Ofisini," nikasema. "Pale ulingoni walimpa mbele ya watu. Ofisini wakamnyang'anya."

Loo! Uani pakawaka. Kuibiwa ulingoni ni jambo moja, lakini ofisini! Kila mtu pale alikuwa na lake lililopotelea ofisini: hati ya kiwanja, kiinua mgongo, kipande cha utambulisho cha mtoto. Watu wazima walilia. Nilitoka pale nimebebwa, na huko juu ya mabega nikamwona fundi peke yake amebaki amekaa kwenye mkeka, akiitazama televisheni iliyozimwa.

Kesho yake aliniita nikapimwe kanzu. Sikuwa nimeagiza kanzu. Baraza ilikuwa tupu, saa ya jua kali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Simama hapa."

Akanizungushia utepe shingoni, akausoma, hakuandika. "Miaka kumi na mmoja nilikuwa melini na Waingereza," akasema. "Wakinituma kwa Kiingereza, wakinitukana kwa Kiingereza. Ile redio ni yangu, nimeinunua ili nisikilize. Asubuhi ile mtangazaji alisema bukta nyeupe, na mimi ni fundi, nguo ikitajwa hainipiti. Nilikuwa nasikia neno moja la redio na neno moja lako, zamu kwa zamu."

"Mbona ulininyamazia, mzee?"

"Watu walifurahi. Na mimi nilifurahi. Ulisema vizuri sana." Akashusha utepe begani. "Lakini tangu ami yako alete posa, sifurahi tena. Usiku nafikiri: huyu amemchukua mtu aliyepigwa raundi kumi na tano, akamfanya ndiye aliyepiga, na mji ukamsadiki. Hata macho yao yalipoona, walimsadiki yeye. Siku akimpiga mwanangu, nitakuja kumuuliza. Atanieleza vizuri. Nami nitarudi nyumbani nikiamini kwamba mwanangu ndiye aliyempiga yeye."

Niliapa kwamba sitamgusa. Nilijisikia nikiapa, na sauti ilikuwa ileile ya raundi ya sita. Niliona haya kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

"Siku ya marudiano utatafsiri," akasema. "Mimi nitakuwa hapa kwenye cherehani. Utasema kinachosemwa, basi. Kisha ndipo nitampa ami yako jibu." Akaukunja utepe. Kanzu yenyewe hakuishona.

Wiki tatu zile nilimwombea yule bondia kuliko mtu yeyote Malindi. Wenzangu walitaka ashinde kwa ajili ya haki. Mimi nilitaka ashinde ili niseme kweli na nipendwe, vyote viwili kwa wakati mmoja. Nilimtaka ajizoeze. Nikiwa ghalani nilijikuta nikimkaripia kimoyomoyo asile sana.

Siku ikafika. Baada ya sala ya alfajiri baraza ilikuwa ya kijani yote, kofia, vikoi, mkokoteni. Lori la Gongoni lilifika na watu wenye chumvi mpaka kwenye nyusi. Mkulima wa Jilore alikuwa amelala mjini makusudi, na alivaa shati lake la siku zote. Fundi alikuwa mahali pake, mguu ukienda, akishona kitu ambacho sidhani kama kilikuwa na mikono. Pazia lilitikisika.

Na redio, ambayo mwaka mzima ilikuwa ikikohoa, siku ile ilisema kwa sauti safi kabisa. Sikuwa na pa kujificha.

Raundi ya kwanza nikasema, "Wetu arudi nyuma." Watu wakanong'ona. Nikasema, "Apigwa mbavuni." Nikasema, "Apigwa tena, palepale." Cherehani ilikuwa ikienda bila kusita, trrr, trrr, na nilipotaka kulainisha neno niliisikia.

"Karani," mwuza samaki akasema raundi ya tatu, "leo watafsiri vibaya."

"Ndivyo asemavyo."

"Siku ile ulitafsiri vizuri. Leo una nini? Umekula nini?"

"Huyu amepewa kitu," mtu wa Gongoni akasema.

Raundi ya nne mtangazaji akapaza sauti, na watu wote waliokuwa uwanjani kule Amerika wakapaza yao. Nilielewa kila neno. Nikainua macho, nikaziona nyuso zilezile, na kofia za kijani juu yake, na mkono wa mzee mmoja uliokuwa umeushika mkono wa mwanawe. Walikuwa wakiningoja niwape. Ningeweza kuwapa. Neno lilikuwa tayari ulimini: ameteleza, ameinuka, amempiga.

Cherehani ikasimama.

"Ameanguka," nikasema.

Kisha fundi, bila kuinua kichwa, akasema, "Rudia."

"Ameanguka. Wamemhesabia mpaka kumi. Hakuinuka."

Niliitwa mwongo wakati uleule. Jina hilo limenigandia hata leo kwa baadhi ya watu, kwa siku pekee mwaka ule niliyosema kweli. Redio ikachukuliwa kutoka kwa fundi bila ruhusa yake, ikapelekwa kwa mhudumu wa hoteli moja ya ufukweni, mtu mzima mwenye watoto wanne, aliyejua Kitaliano kwa kuwahudumia Wataliano. Redio ilikuwa bado ikisema Kiingereza, na kwa kuwa pambano lilikuwa limekwisha, nadhani ilikuwa ikisema habari za hali ya hewa. Akaitegea sikio, akatikisa kichwa, akawaambia kwamba wetu amesukumwa na refa, na kwamba kutakuwa na pambano la tatu. Wakamshangilia. Tangu asubuhi ile baraza ikahamia kwake, na mwuza samaki akawa akimnunulia kahawa.

Pale kwa fundi tukabaki wanne, ukimhesabu yule wa nyuma ya pazia. Mkulima wa Jilore akafunga magunia yake kwenye baiskeli. "Mino leo nimeelewa," akasema, akaondoka.

"Ami yako aje Alhamisi," fundi akasema, akarudi kwenye kitambaa chake.

Tukaoana. Mke wangu alinieleza baadaye kwamba baba yake alikuwa akimnong'oneza ukweli kupitia pazia pambano la kwanza likiendelea, na kwamba kile kicheko cha nyuma ya pazia, nilichokiongezea raundi mbili, alikuwa akinicheka mimi. Tena alikuja nyumbani kwangu na wasia mmoja wa baba yake: muulize mara mbili. Ameufuata barabara. "Umekula?" Nimekula. "Umekula?" Mwaka wa kwanza niliona ni tusi. Baadaye nikazoea, na nikagundua kwamba jibu la kwanza nalo limeanza kuwa kweli, kwa uvivu wa kutunga mawili.

Kabla miaka ile ya themanini haijaisha baba mkwe akaugua, tukampeleka hospitali Mombasa. Daktari alikuwa mgeni. Alivua miwani yake, akanielekea mimi, akasema kwa Kiingereza, polepole, bila redio wala chengachenga. Mke wangu alikaa upande wa pili wa kitanda ameushika mguu wa baba yake. Mzee alikuwa macho. Alikuwa amesikia kila neno kabla yangu, nami nilijua amesikia, naye alikuwa akinitazama.

"Asemaje?" mke wangu akaniuliza.

Nilikuwa na uwongo mzuri, wallahi, mzuri kuliko wote niliowahi kuutunga, wenye dawa mpya iliyo njiani na daktari mwingine hodari. Nilimpenda mzee yule. Niliutaka uwongo ule kwa ajili yangu mwenyewe.

"Asema hawana dawa iliyobaki," nikasema. "Asema tumrudishe nyumbani."

Mke wangu akanitazama. "Asemaje?"

Nikarudia, maneno yaleyale. Mzee akafumba macho, na mkono wake ukatoka chini ya shuka, ukanitafuta, ukanishika. Mke wangu akainuka, akaanza kukusanya nguo za baba yake.